UZI: Mkesha tunao, tafakari je? Kwa nini mwaka unaisha bila kuacha alama

#1 Mkunazini_Juu
Habari za jioni wanajukwaa.

Kila Disemba 31 makanisa ya hapa Mjini Zanzibar hujaa. Watu huanza kuingia saa 3 usiku, kwaya moja baada ya nyingine, ushuhuda, mahubiri, sadaka, halafu saa 6 kamili vigelegele, kupeana mikono na safari ya nyumbani. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba ndani ya saa tatu zile hakuna hata robo saa ambayo mtu anaachwa na mwaka wake. Mhubiri anazungumzia mwaka ujao, mwaka wa mafanikio, mwaka wa kuvuka, na huu unaokwisha unapita bila kuulizwa neno.

Zaburi 90:12 inaomba tujulishwe kuzihesabu siku zetu tujipatie moyo wa hekima. Maombolezo 3:40 inasema wazi, "Na tuchunguze njia zetu na kuzijaribu." Na ule mtini wa Luka 13 uliombewa mwaka mmoja zaidi baada ya kukaguliwa miaka mitatu na kukutwa mtupu. Mwaka wa nyongeza haukuja mikono mitupu, ulikuja na jembe na samadi.

Naomba wenye ujuzi waseme: tafakari ya mwisho wa mwaka inamfaa nini Mkristo, inafanywaje kwa vitendo, na kwa nini kwa wengi wetu ikifika Januari 12, Sikukuu ya Mapinduzi, hakuna kilichobaki?

#2 Katekista_Machui
Tumsifu Yesu Kristo.

Kosa la kwanza ni tarehe. Mwaka wa Kanisa hauishi Disemba 31. Unaisha Jumamosi inayotangulia Dominika ya kwanza ya Majilio, na Dominika hiyo huangukia kati ya Novemba 27 na Disemba 3. Masomo ya wiki za mwisho ni ya hesabu tupu: katika Mwaka A (mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo), Dominika tatu za kufungia zinaimaliza Mathayo 25 yote, wanawali kumi, talanta, kisha kondoo na mbuzi. Novemba nzima tunawaombea marehemu. Anayefuata mpangilio huo amejichunguza mapema, ameungama ndani ya Majilio, na Noeli inamkuta mwepesi. Anayengoja tarehe 31 anaanza kujichunguza akiwa amechoka, wageni wamejaa nyumbani na nauli ya boti imeshakula akiba.

Disemba 31 kazi yake ni shukrani. Anayeshiriki kuimba au kusali Te Deum, utenzi wa kale wa sifa, hadharani siku hiyo, kumshukuru Mungu kwa mwaka mzima, hupata rehema kamili (ondoleo la adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) kwa masharti ya kawaida: kuungama (inatosha ndani ya siku kama 20 kabla au baada), kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Sharti la mwisho ndilo gumu, na halitimizwi na mtu ambaye hajakaa chini kuuliza moyo wake umeshikamana na nini.

#3 Mlokole_Amani
Bwana asifiwe. Katekista umesema vizuri, lakini wengi wetu hatuna kalenda hiyo, na mkesha wenyewe ulianzishwa na John Wesley, mwasisi wa Wamethodisti, kwa ajili hii hii ya kujichunguza na kuweka agano. Kwa hiyo tusiudharau.

Halafu Wafilipi 3:13. Paulo anasema anayasahau yaliyo nyuma na kuyachuchumilia yaliyo mbele. Mtu akikaa kuchambua Machi na Aprili, wengine hawatoki huko. Nadhani tafakari haiachi alama kwa sababu inamfunga mtu kwa aliyoshindwa, na Januari anaanza akiwa ameinama.

#4 Mzee_Mbweni
Mwanangu Mlokole, ruhusu marekebisho mawili.

Mkesha Wesley aliukuta. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walikuwa na mkesha wa mwaka mpya tangu 1733. Wesley aliuchukua kwao katika miaka ya 1740. Ibada yake ya agano ilifanyika London Agosti 11, 1755, wala si mwisho wa mwaka. Wamethodisti wakaja kuihamishia mwanzo wa mwaka baadaye. Na Wamoravian wana desturi ambayo ingekufaa, Mkunazini: usiku ule husomwa mbele ya usharika kumbukumbu ya mwaka iliyoandikwa, nani kazaliwa, nani kafa, mavuno yalikuwaje, vita, maradhi, shukrani. Wanaiita Memorabilia. Kisha mhubiri anahubiri, na saa ikifika usiku wa manane tarumbeta zinamkatiza katikati ya sentensi. Kwamba mwaka haungoji mtu amalize maneno yake, hiyo peke yake ni mahubiri.

La pili ni Paulo. Kabla ya aya ya 13 soma aya ya 5 na 6. Ametaja moja moja: tohara siku ya nane, kabila la Benyamini, Farisayo, mwenye kuliudhi Kanisa. Aliyahesabu kwanza, akayaita hasara, ndipo akayasahau. Na ni yeye aliyewaandikia Wakorintho wajijaribu wenyewe, 2 Wakorintho 13:5.

Kwa Katekista: hata Kristo Mfalme, sikukuu inayoufunga mwaka wako wa Kanisa, iliwekwa na Papa Pius XI mwaka 1925, tena Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ilihamia mwisho wa mwaka wa Kanisa kwa kalenda ya 1969. Na Uingereza mwaka ulikuwa unaanza Machi 25 hadi mageuzi ya 1752. Tarehe ni mapatano ya watu, tusiipe uzito usio wake.

#5 Mlokole_Amani
Asante mzee kwa Wamoravian, nimenufaika. Lakini kwa Wafilipi sijaridhika. Orodha ile ni ya sifa za ukoo na dini alizojivunia, si ukaguzi wa mwaka. Nabaki na shaka yangu.

#6 Mwl_Wete
Salamu kutoka Pemba. Hoja zimekuwa za juu, mimi nashuka kwenye namna ya kufanya. Wengi hawashindwi na imani, wanashindwa na mbinu.

Chukua daftari, si simu. Fungua kurasa 12, kila mwezi ukurasa wake, na kila ukurasa uugawe safu tatu: nilichopewa, nilichofanya, nilichoacha kufanya. Hiyo ya tatu husahaulika, wakati sala ya toba inasema dhambi ni kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu.

Anza na Januari. Hili si dogo. Akili huvuta yaliyo karibu, kwa hiyo anayeanza na Disemba hujaza kurasa mbili za mwisho, kumi za mwanzo zikabaki nyeupe, na tafakari ya mwaka ikawa tafakari ya wiki sita. Ukikwama, tumia vitu vinavyokumbuka kuliko wewe: picha za simu kwa tarehe, taarifa ya miamala ya pesa kwenye simu, kadi za kliniki, ripoti za shule za watoto, risiti. Miamala hasa haifichi kitu. Inaonyesha aliyetumiwa kila mwezi na aliyeahidiwa hakutumiwa. Ukishamaliza kuangalia, zima simu.

Igawe kazi vikao viwili vya saa moja, siku mbili tofauti. Kikao cha kwanza ni kukumbuka na kuandika tu, bila hukumu. Cha pili ni sala juu ya yaliyoandikwa, na hapo fuata hatua tano za Mtakatifu Ignas wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa mwaka 1548: kushukuru, kuomba nuru ya kuzijua dhambi, kudai hesabu kutoka nafsini kwa mpangilio (mawazo, kisha maneno, kisha matendo), kuomba msamaha, kukusudia marekebisho. Mwisho Baba Yetu.

Azimio liwe moja. Liwe na saa na mahali. "Nitasali zaidi" halina pa kushikwa. "Zaburi moja saa 11 na nusu alfajiri kabla ya kuwasha simu" linakaguliwa. Ignas alikuwa na njia yake kwa kasoro moja: jozi saba za mistari, jozi kwa kila siku ya wiki. Mchana unajihoji na kutia nukta kwenye mstari wa kwanza kwa kila mara uliyoanguka, baada ya chakula cha usiku kwenye mstari wa pili, kisha unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, wiki na wiki. Anayetaka kufika Februari na kitu mkononi achore mistari hiyo tarehe 1 Januari.

#7 BintiShangani
Mwalimu, safu tatu kwa kurasa 12! Ukiachiwa utatupa na mtihani wa muhula 😀 Lakini nakubali, na ninaongeza: safu ya kwanza ijazwe yote, miezi yote 12, kabla hujagusa ya pili. Anayeanza na dhambi huishia na moja kati ya mawili, kujitetea au kujilaani. Ndiyo maana shukrani imewekwa hatua ya kwanza. Samweli alisimamisha jiwe la Ebenezeri akasema Bwana ametusaidia hata sasa, na hapo vita na Wafilisti ndiyo kwanza vimenyamaza.

Na shukrani iandikwe kwa jina na jambo. "Nashukuru kwa uzima" kila mtu anaandika. "Shangazi alikaa na mtoto wiki mbili nilipolazwa" hiyo inamwonyesha mtu aliyetumwa na Mungu, na inakupa na wa kumshukuru.

#8 Mwl_Wete
Dada, sahihi kabisa. Mtihani wa muhula nitautunga mwakani.

#9 Mpokezi_Nungwi
Shikamooni wakubwa. Mnaandika kama watu wote wako huru Disemba. Wakristo wengi wa kisiwani wako mahotelini, Nungwi, Kiwengwa, Paje, Jambiani. Kaskazi ikishaanza kuvuma wageni wanajaa, likizo hazitolewi, na usiku wa tarehe 31 ndiyo kazi nzito kuliko zote za mwaka. Mhudumu anaingia saa 9 mchana anatoka saa 8 usiku. Mkesha haupo, Majilio ya jioni hayapo, na kanisa liko mbali.

Kwa hali hiyo vikao viwili vya saa moja haviwezekani. Kinachowezekana ni mwezi mmoja kwa siku, dakika 10 au 15, siku 12. Anza Disemba 14, utamaliza siku ya Noeli. Fanya kabla ya kuingia zamu, kwa sababu baada ya zamu mtu anasinzia kwenye mstari wa pili. Wanaokaa vyumba vya wafanyakazi wanne wanne watafute nje, ufukweni asubuhi kabla joto halijapanda. Na watu wawili wapatane waulizane kila jioni kwa ujumbe mfupi tu: Umefanya? Anayefanya peke yake siku ya nne anaacha.

Sababu ya kutobaki alama kwa watu wa kazi hizi ni uchovu. Wala si imani haba.

#10 Jirani_Malindi
Assalaam alaykum. Mimi Muislamu, nimekuwa nikisoma kimya kimya, mniwie radhi nikitia neno. Kwetu kuna maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Omar: jihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa. Kwa hiyo mnalolizungumza si geni kwa mtu yeyote wa hapa.

Ninachokiona mimi kama jirani ni kwamba hesabu zote mlizoandika zimebaki kati ya mtu na Mola wake na daftari lake. Deni la dukani liko pale pale. Mtu aliyekwaruzana na jirani tangu mwezi wa tano kwa ajili ya maji ya bomba, mwaka unageuka na hawasalimiani. Haki za watu hazifutiki kwa ukimya.

#11 Mkunazini_Juu
Wa alaykum salaam, jirani. Umegusa mahali penyewe, na hapo ndipo naona jibu la swali langu. Zakayo hakusema "nimetafakari". Alisema nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne (Luka 19:8). Mathayo 5:23-24 inakwenda mbali zaidi: acha sadaka madhabahuni, nenda kapatane kwanza. Tafakari isiyoisha kwa kumwendea mtu imekatika katikati.

Napendekeza ukurasa wa 13 kwenye daftari la Mwalimu: majina. Upande mmoja ninaowadai samahani, upande wa pili wanaonidai, iwe fedha, neno au kitu. Deni la fedha liandikwe kiasi na tarehe ya kulipa, hata kama ni kwa mafungu. Mwenye duka humheshimu anayekwenda na shilingi elfu kumi na ratiba kuliko anayepita njia ya nyuma. Wenye mashamba huko Pemba, msimu wa karafuu ukiangukia Disemba, wahakikishe ujira wa wachumaji umelipwa kabla ya Noeli. Sheria ya Musa haikuruhusu ujira wa kibarua ulale hadi asubuhi, sembuse ulale hadi Januari.

#12 Katekista_Machui
Naunga mkono, kwa tahadhari tatu kutokana na yanayoharibika mara nyingi.

Usiende kuomba radhi kwa jambo ambalo mwenzako halijui na likijulikana litamuumiza yeye zaidi kuliko kukupumzisha wewe. Hilo lipeleke kwanza kwa padre au mchungaji.

Usiombe radhi kwa ujumbe uliotumwa kwa watu wote, "kama kuna niliyemkosea mwaka huu anisamehe". Huo haumfikii aliyekosewa. Taja kosa, acha neno "lakini".

Na mwenye kupigwa au kunyanyaswa nyumbani asisukumwe kupatana kwa sababu tu mwaka unakwisha. Kwanza usalama. Kusamehe moyoni na kurudi kuishi pamoja ni mambo mawili.

#13 Mama_Kwerekwe
Hiyo ya tatu isomwe na wazee wa kanisa wote.

Waliofiwa mwaka huu msiwape kurasa 12. Ule mwezi wa msiba utafunguka na hawatauvuka. Wafanye mchana, si usiku, pamoja na mtu mmoja wanayemwamini, na waruhusiwe kuishia kwenye malalamiko. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini" na inaishia kwa kuimba, lakini ya 88 haina tumaini kwenye mstari wake wa mwisho, neno la kufungia ni giza. Nayo imo ndani ya Biblia. Kumlazimisha mjane aandike mambo kumi ya kushukuru ni kumnyamazisha.

#14 Kijana_Chake
Mimi naona tatizo ni kwamba tumelifanya jambo la mtu mmoja mmoja. Kanisa lenyewe halijichunguzi. Kanisa Kuu la Mkunazini lilijengwa Krismasi ya 1873 juu ya soko la watumwa. Hilo ni tafakari ya jamii nzima, si ya daftari.

#15 Mzee_Mbweni
Krismasi ya 1873 liliwekwa jiwe la msingi tu, kijana wangu, mwaka ule ule soko lilipofungwa kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza. Ujenzi ulichukua miaka, chini ya Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Lakini hoja yako ni nzuri na naishika. Waliamua mwisho wa mwaka kuweka altare mahali palipofanyiwa uovu, wakaacha kumbukumbu isiyofutika. Anayeingia pale leo hawezi kusali bila kukumbuka.

Kwa parokia au usharika wa kawaida, fanyeni ile Memorabilia. Kurasa mbili, dakika zisizozidi 10. Chanzo ni vitabu vya kanisa: waliobatizwa, waliopata kipaimara, ndoa, maziko, waliohamia na waliorudi Bara. Ongezeni ugomvi uliotokea na kama umekwisha, wagonjwa ambao hawakutembelewa, ahadi ya mwaka jana iliyotimia na isiyotimia. Aandike mlei mmoja na asome yeye. Akisoma mchungaji inakuwa hotuba, akisoma mhazini inakuwa ripoti ya fedha. Majina ya waliotoa michango mikubwa yasiingie hata moja, ukifungua mlango huo mwakani kila mtu atasikiliza jina lake tu.

#16 Mlokole_Amani
Mzee, hapo umenipata, ingawa Wafilipi bado nakudai. Kwa upande wa mkesha naweza kusema linalowezekana. Mkitaka ukimya wa dakika 20 kati ya saa 5 na saa 6, mwambieni mpiga kinanda ainuke kabisa akae na watu. Akibaki kwenye kiti vidole vitacheza, na mwenye maikrofoni ataanza kuomba juu ya muziki. Zimeni spika zote. Andikeni maswali matatu tu ukutani: Mungu alinipa nini? Nani nilimuumiza? Niache nini? Watu wapewe karatasi na kalamu mlangoni, kwa sababu ukimya bila kazi ya mikono kwetu unageuka usingizi.

#17 BintiShangani
Dakika 20 na watoto wamelala kwenye mikeka, joto la Disemba, na umeme ukikatika feni zote zimesimama? Haziwezekani. Dakika 7 mara tatu, swali moja kila mara, na wimbo katikati. Na watoto wasiachwe nje, hata wa miaka sita anajua aliyemnyang'anya kitu.

#18 Mlokole_Amani
Dakika 7 mtu anakuwa ndiyo kwanza amefika Februari, dada.

#19 Mwl_Wete
Ndiyo maana kurasa zijazwe nyumbani kabla ya tarehe 31, kanisani mtu aje nazo. Mpokezi, hiyo ratiba yako ya siku 12 nimeipenda, naomba uiweke hapa tarehe kwa tarehe. Kuna vijana wa Wete wako hotelini Makangale nataka niwatumie kabla zamu za sikukuu hazijapangwa.